Sio lazima awe amepita njia za panya

Hapa Malindi ukitaja mhamiaji haramu tu, mtu anakuonyesha kidole kule kaskazini, mpaka wa Somalia, mashua za usiku, njia za panya, basi. Wapo wanaopita huko, sikatai. Lakini sheria ya Kenya haiangalii tu uliingilia wapi, inaangalia pia una ruhusa gani leo. Mtu anaweza kushuka eapoti mchana kweupe, akagongewa muhuri vizuri, akapewa siku 90, halafu siku ya 91 bado yuko bichi anakunywa dafu na hajaongeza muda, huyo tayari yuko kinyume cha sheria hata kama ana pesa na mtaa mzima unampenda. Aliyeingia kama mtalii kisha akaanza kazi bila kibali naye vilevile. Marekani pia, wengi wasio na karatasi waliingia na viza halali ikawaishia, ukuta wa mpakani hauwahusu. Ukitaka kuhakikisha, chukua paspoti yenye muhuri, angalia tarehe kwenye ule wino, na siku alizopewa, uhesabu na kalenda. Sheria yenyewe ya uraia na uhamiaji ya 2011 iko mtandaoni, kuisoma ni bure.