Kabla ya kuchukua riwaya ya Zanzibar, tafuta miaka miwili

Mwezi uliopita mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu, tiketi ya boti kaishika mkononi. "Mwanangu, Ijumaa navuka kwenda Unguja, mpwa wangu anaolewa. Nipe kitabu kimoja kitakachonieleza Zanzibar."

Mimi ni mkutubi hapa Dar es Salaam, na rafu za pwani na visiwa ndizo nilizokabidhiwa. Swali lake naulizwa karibu kila wiki, na jibu langu halibadiliki: kitabu kimoja hakitoshi. Vinatakiwa viwili, riwaya na historia, vinavyozungumzia watu walewale wakiwa kazini.

Nikiletewa kitabu kipya sianzi na maelezo ya jalada la nyuma. Natafuta miaka miwili: mwaka hadithi inapotokea, na mwaka kitabu kilipochapwa. Nafasi iliyopo kati ya hiyo miwili ndiyo inayonieleza mwandishi alikuwa amesimama wapi alipokuwa akitazama. Halafu najiuliza: humu ndani, nani anafanya kazi?

Chukua kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844 katika kasri la Mtoni. Wengi huanza naye, na siwalaumu, maana hakuna anayekuonyesha maisha ya ndani ya kasri kama yeye. Lakini aliondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete, na kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anayeandika ni mjane wa ughaibuni mwenye miaka ishirini ya kiu ya kwao. Utoto wake unang'aa kweli, ila akifika kwenye utumwa anautetea. Watumwa wamejaa katika kurasa zake, na hakuna anayepewa nafasi ya kusema lake. Ndiyo maana simwachii mtu aondoke na Salme peke yake. Namfungia pamoja na Abdul Sheriff, *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar*, cha 1987. Sheriff alifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake kinaanzia 1770 na kuishia 1873, mwaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Humo utaona fedha za kulisha yale makasri zilitoka wapi: pembe za ndovu kutoka bara, na karafuu zilizopandwa na kuchumwa na watumwa.

Karafuu inastahili kukaliwa kidogo. Huchumwa kwa vikonyo vyake, ikachambuliwa, ikaanikwa juani mpaka iwe nyeusi. Kwa miaka mingi mchumaji alilipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, kwa kadiri alivyochuma. Kipimo hicho kidogo kimebeba historia nzima, kwa sababu anayeshika pishi ndiye anayeamua siku yako imekuwa na thamani gani. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Pamoja na hayo, riwaya nyingi ninazoletewa zinatembea Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa pili wa mji huo, na Pemba inapitwa kama kituo ambacho basi halisimami. Hilo linaniuma. Said Ahmed Mohamed ni mzaliwa wa Pemba, na nampa msomaji *Utengano* (1980) bila kusita, ingawa ni kwa ajili ya Maimuna, binti aliyefungiwa ndani, na ukuta wa nyumba ya baba yake, si kwa ajili ya karafuu.

Wa shamba ninaye Adam Shafi. *Kasri ya Mwinyi Fuad* kilichapwa 1978 na Tanzania Publishing House, shirika la umma, miaka kumi na minne baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ukishajua hilo, huwezi kushangaa kwamba Fuad, mwenye shamba na kasri, ameandikwa bila chembe ya huruma. Anayenishika mimi ni Kijakazi, mtumishi aliyelitumikia kasri hadi akaona kutumikia ndiyo wajibu wake duniani. Ukitaka kujua mtu kama Kijakazi alitokana na nini, soma Frederick Cooper, *From Slaves to Squatters* (1980). Anaeleza yaliyofuata baada ya utumwa kupigwa marufuku 1897: watu wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale, wakapata mahali pa kujenga kibanda na kulima muhogo, na wao wakawa wanapalilia mikarafuu ya mwenye shamba.

Halafu, na hili nawaomba msiliruke, msome mwandishi huyohuyo katika *Haini*, kilichotoka 2003. Hapo mabwana wa zamani hawapo tena. Karume ameuawa, Aprili 1972, watu wanakamatwa, na hadithi iko gerezani. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Kati ya vitabu hivyo viwili pana miaka ishirini na mitano, na msomaji wa kimoja tu ataondoka na nusu ya mwandishi.

Lakini kama ningeruhusiwa kumpa mkazi wa Dar riwaya moja ya Zanzibar, ningempa *Kuli*, cha 1979. Rashidi ni mchukuzi wa bandarini, na hadithi inaelekea kwenye mgomo wa 1948. Mgomo huo haukuzuka kisiwani peke yake. Mwaka mmoja kabla, 1947, makuli walikuwa wamegoma Mombasa, wakagoma na hapa kwetu bandarini Dar. Nakala yetu ya *Kuli* imeshonwa upya mara mbili, na pembeni mwa aya moja kuhusu magunia kuna mtu ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizopinda: "Babu, bandarini, 1947." Kazi yangu inanitaka nifute maandishi ya wasomaji. Hayo sijayafuta, na sitayafuta. Mwenzi wa *Kuli* ni kijitabu cha Anthony Clayton kuhusu mgomo huo, cha 1976. Ni kikavu kama muhogo wa makopa, lakini kinakuonyesha mgomo ulivyotoka bandarini na kusambaa mjini.

*Vuta N'kuvute*, cha Adam Shafi huyohuyo, wengi mlikisoma sekondari kwa ajili ya mtihani. Kirudieni sasa, pamoja na Jonathon Glassman, *War of Words, War of Stones* (2011), anayefuatilia jinsi magazeti na wasomi wa visiwani walivyokuza chuki ya ukabila katika zile zama za siasa, miaka ya mashindano ya vyama kabla ya Mapinduzi. Glassman ana wapinzani, na ni vizuri, kwa sababu hakuna kitabu kuhusu 1964 kisicho na wapinzani.

Wanaomtaka Abdulrazak Gurnah tangu apate Nobel mwaka 2021 huchukua *Peponi*, tafsiri nzuri ya Ida Hadjivayanis. Chukueni, ila mjue safari ya Yusuf iko bara, si kisiwani. Kwa Zanzibar yenyewe mnatafuta *By the Sea*. Na aliyechoka kabisa nampa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, akapumzike na kiko chake.

Yule mama nilimpa *Kasri*. Alirudi baada ya siku kumi, kikonyo cha karafuu kikiwa kimewekwa kama alama katikati ya kurasa. Alikuwa amemuuliza wifi yake, mtu wa Wete, Pemba, kuhusu pishi, na wifi akamwambia kwamba ile ya mwenye shamba ilikuwa na kina kuliko ya dukani. "Sasa mwanangu," akasema, "ni nani aliyekuwa akiipima hiyo pishi?"

Nikamtolea Cooper. Kiingereza kinampa tabu, akasema binti yake atamsomea jioni jioni. Nikamwandikia wiki mbili. Akaomba nne.