Ati imo kwenye kitabu cha Ibn al-Baytar kwa hiyo haina madhara

Hii nimeisikia mpaka nimechoka jamani. Mtu anaingia dukani na kichupa cha unga au picha aliyofowadiwa kwenye grupu la WhatsApp, ukimuuliza humo ndani kuna nini anakujibu, daktari hii ni ya asili, imo kwenye kitabu cha Ibn al-Baytar, haina madhara. Kwanza mimi si daktari, ni mfamasia, ila hilo tuliache.

Ibn al-Baytar alikuwa mtaalamu wa mimea ya dawa wa karne ya 13, na kitabu chenyewe kinaitwa al-Jami li-mufradat al-adwiya wal-aghdhiya. Ni mkusanyo wa vitu zaidi ya 1,400 vinavyotumika kama dawa au chakula, kimoja kimoja kabla ya kuchanganywa, vimepangwa kwa alfabeti, na si mimea peke yake, mawe yamo, madini yamo, vitu vya wanyama vimo. Sasa mtu aliyekaa chini kuandika kila kinachojulikana unafikiri sumu ataziruka? Hakuziruka. Chukua bangi tu. Anaeleza kwamba kuna aina aliyoiona Misri, inapandwa bustanini, watu wanaiita hashishi, na mtu akila uzito wa dirhamu moja au mbili analewa vibaya, wapo walioizoea wakarukwa na akili, na inaweza hata kuua. Haya, si imo kwenye kitabu? Nikufungie gramu ngapi?

Na hata zile zisizo sumu hakuzipigia muhuri. Anachofanya ni kuleta kauli za watu, matabibu wa Kigiriki wa kale, Dioscorides anasema hivi, Galen vile, halafu wanafuata wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu kina al-Razi na Ibn Sina na al-Ghafiqi, jumla waandishi kama 150, na wakipingana anakuonyesha wanapingana, na aliyekosea anamtaja. Kwa hiyo mtu akiniambia "kitabu kimesema" mimi namuuliza nani kasema humo ndani, maana wamo wengi. Tena kwenye utangulizi ameweka wazi kwamba moja ya makusudio yake ni kuonyesha makosa ya waliotangulia, na kuna kitabu kingine kizima alichokiandika kukosoa makosa ya Ibn Jazla, tabibu aliyemtangulia. Mtu mkali kiasi hicho ndiye mnayemtumia kunifunga mdomo nisiulize maswali?

Mfano wa karibu ni irk sus, ule mzizi mtamu wa kikohozi na tumbo. Umo humo, wazee wametumia miaka nenda rudi, na kweli koo linapoa. Lakini ukiutumia kwa wingi kila siku unapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, na mgonjwa wa presha mwenyewe hasemi kama anaunywa kwa sababu kichwani kwake hiyo si dawa, ni kitu cha asili. Semeni! Na msiniletee unga, nileteeni mzizi wenyewe au jani lenye shina lake, unga hauna sura. Ibn al-Baytar aliyekuwa anaandika jina la mmea kwa Kiarabu, Kigiriki, Kiberiberi na kwa lugha ya watu wa Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, alijua watu watachanganya mmea huu na ule, ndio maana akahangaika.

Ati aligundua dawa 1,400. Hapana, nyingi zilikuwa zinajulikana karne nyingi kabla yake, alichoongeza ni kama 300 hivi, na hiyo peke yake si kazi ndogo.

Wengine ndio wanakwenda upande wa pili kabisa, ati alinakili Wagiriki tu. Huyu alijifunza kwa Abu al-Abbas al-Nabati huko Sevilla, wanatoka nje wanachuma mimea, halafu kama mwaka 1220 akaondoka akapita Afrika Kaskazini yote mpaka nchi ya Waturuki ya leo. Mwanafunzi wake Ibn Abi Usaybia ameandika jinsi walivyokuwa wakizunguka nje ya Damascus wakiangalia mimea ilipoota, na mwalimu anataja jambo na kukuambia liko makala ya ngapi kwa Dioscorides na kwa Galen, kwa kichwa.

Ati ni Mwarabu wa Baghdad? Mtu wa Malaga, Hispania ya leo, alizaliwa mwishoni mwa karne ya 12.

Alikuwa tabibu wa sultani? Cheo chake kwa sultani al-Malik al-Kamil kule Misri kilikuwa mkuu wa wataalamu wa mimea ya dawa, baadaye akamtumikia mtoto wake al-Salih Ayyub. Kwa maneno mengine jamaa ni wa upande wetu wa famasia, madaktari mtusamehe.

Kufa kwa kuonja mmea wa sumu nako kunasimuliwa sana, hadithi tamu, ila mwanafunzi wake aliandika tu kwamba alifariki ghafla Damascus, Shaabani 646 ya Hijria, yaani 1248.

Na yule mnayesema alifika Mombasa na Kilwa ni Ibn Battuta, yule msafiri, alikuja 1331, na amezaliwa 1304, huyu wetu akiwa kaburini zaidi ya miaka 50.