Punguzo la Asilimia 80 na Bando Lililoisha: Unalipia Nini Ndani ya Gemu ya Simu?

Gemu ni ya bure, ndivyo ilivyoandikwa dukani. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna maneno yanayosema kuna ununuzi wa ndani ya programu. Mtoto anaipakua, anacheza siku mbili tatu, kisha linajitokeza dirisha jekundu: vazi jipya la mhusika, bei ya zamani imekatwa mstari, "punguzo asilimia 80", na saa inayohesabu kurudi nyuma. Analipa kwa simu ya mama. Risiti inafika papo hapo, lakini vazi halionekani. Kinachoonekana ni ujumbe wa kupakua mafaili, na bando la wiki linaisha kabla mafaili hayajafika nusu.

Hapo familia imelipa mara mbili, na hakuna mahali ambapo jumla ya malipo hayo iliandikwa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tatizo kubwa la biashara hii.

Tuanze na ile bei iliyokatwa mstari. Wengi hudhani imehakikiwa na Google au Apple kwa kuwa malipo yanapita kwao. Duka la programu linachosimamia ni bidhaa na kiasi utakachokatwa. Bei ya zamani, asilimia ya punguzo na ile saa kwa kawaida ni michoro aliyoiweka mtengenezaji ndani ya gemu yake mwenyewe. Ndiyo maana dirisha la mwisho la malipo, lile linaloomba namba ya siri au alama ya kidole, halina mbwembwe: lina jina la bidhaa na bei basi. Dirisha hilo ndilo la kuliamini.

Muuza mtumba wa soko la Karume, Dar es Salaam, akikwambia shati hili ni elfu ishirini lakini wewe nakupa kwa elfu tano, unacheka, unasogea meza ya pili kulinganisha. Ndani ya gemu hakuna meza ya pili. Muuzaji ni mmoja, naye ndiye anayepanga bei ya zamani na bei mpya.

Saa nayo si ya kuaminiwa kirahisi. Mwezi Mei 2024 mamlaka ya watumiaji na masoko ya Uholanzi, ACM, iliipiga kampuni ya Epic Games faini ya euro 1,125,000 kwa namna ilivyowauzia watoto vitu ndani ya gemu yake ya Fortnite. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni saa za kuhesabu kurudi nyuma zilizopotosha: muda uliisha, na baadhi ya vitu viliendelea kupatikana. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, muuzaji anayetangaza kushusha bei ya bidhaa anatakiwa aoneshe bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizopita. Kanuni hiyo iliandikwa kwa bidhaa za kushikika, lakini swali lake linafaa kila mahali: je, bei hiyo ya zamani iliwahi kulipwa na mtu?

Kuna tabaka jingine linaloficha bei, nalo ni almasi, vito au sarafu za gemu. Hebu tupige hesabu ya mfano. Vazi limeshuka kutoka almasi 1,000 hadi 600. Almasi zinauzwa kwa mafungu mawili tu: 100 kwa shilingi 2,500, na 520 kwa shilingi 12,000. Njia nafuu ya kupata 600 ni kununua mafungu yote mawili, yaani shilingi 14,500, na almasi 20 zinabaki bila kazi. Zinabaki makusudi, ili kesho ujione umekaribia kununua kitu kingine. Machi 2025 mamlaka za watumiaji za Umoja wa Ulaya zilitoa misingi kuhusu sarafu hizi, ukiwamo wa kuonesha bei kwa pesa halisi. Huku kwetu mteja lazima apige hesabu mwenyewe kwa shilingi kabla hajabonyeza.

Sasa data. Ukubwa unaouona dukani mara nyingi ni wa kifurushi cha kuanzia tu. Genshin Impact ni mfano unaojulikana: kinachotoka dukani ni sehemu tu, lakini ukiifungua inapakua gigabaiti nyingi kabla hujacheza. Ramani, sauti, picha za ubora wa juu na mavazi hufuata baadaye, na katika gemu za kucheza pamoja simu yako huweza kupakua hata mavazi waliyonunua wengine, ili uwaone uwanjani walivyovaa.

Kanuni za Apple zinamtaka mtengenezaji ataje ukubwa na aombe ruhusa pale gemu inapohitaji mafaili ya ziada ili ifanye kazi inapofunguliwa mara ya kwanza. Google nayo ina mfumo wake wa kupakua mafaili ya gemu, ambao kwa vifurushi vikubwa husubiri Wi-Fi au ruhusa yako. Lakini gemu nyingi huchukua mafaili kutoka seva za mtengenezaji moja kwa moja. Kwa hiyo, kuchagua "pakua kwa Wi-Fi tu" ndani ya Play Store, duka la Google, hakuizuii gemu iliyokwisha kufunguka.

Rudi kwenye mfano wetu. Kama vazi linahitaji faili la GB 1.5, na GB moja unainunua kwa shilingi 2,000, ongeza shilingi 3,000. Vazi la ofa sasa ni shilingi 17,500.

Kizuizi kinachofanya kazi kiko kwenye simu yenyewe. Fungua mipangilio ya matumizi ya data, weka kikomo, na pale simu inaporuhusu, ifungie gemu hiyo data ya laini ibaki na Wi-Fi peke yake. Tazama pia nafasi inayochukua gemu kabla na baada ya ofa. Tofauti ndiyo ukubwa ambao hukuambiwa. Simu ikijaa, futa kashe, yaani mafaili ya muda, usibonyeze "futa data", maana mafaili yote yatapakuliwa upya na mchezaji asiye na akaunti iliyounganishwa anaweza kupoteza alichonunua. Kwa simu inayoshikwa na watoto, washa uthibitisho kwa kila ununuzi katika Play Store, au "Ask to Buy" (mtoto huomba, mzazi huidhinisha) kwa watumiaji wa Apple.

Ukiona umepotoshwa, usikae. Google hupokea maombi ya kurudishiwa pesa ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Baada ya hapo huelekezwa kwa mtengenezaji. Tafuta kwenye barua pepe risiti yenye namba inayoanza na GPA. Wa Apple waingie reportaproblem.apple.com. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ni Mamlaka ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2010. Ushahidi wenye nguvu ni picha ya skrini ya ofa ikiwa na saa yake, na picha nyingine ya ofa ileile siku inayofuata, baada ya muda kwisha.