Je, wajua aibu ya kutafuta tiba ya akili hupimwa vipi?

Posa ikifika nyumbani, iwe Ngamiani au Chumbageni, mahari si neno la kwanza. Kwanza mtu mzima mmoja hutumwa kimyakimya aulizie ukoo: wana kifafa? Wana ukoma? Kuna mwenye wazimu? Jibu la swali la tatu likiwa "yupo mjomba wao mmoja", posa inaweza kurudi ilikotoka na sababu isitajwe na yeyote. Hicho tayari ni kipimo cha unyanyapaa, na wazee wetu Tanga wanakitumia bila kukiita utafiti.

Kwa njia ya kitaaluma, Mmarekani Emory Bogardus alifanya jambo la kufanana nalo mwaka 1925. Aliwauliza watu kuhusu wageni wa mataifa mengine kwa ngazi: ungekubali awe mkwe? Awe jirani? Mfanyakazi mwenzako? Au asiingie nchini kabisa? Watafiti wa baadaye walichukua ngazi hizo wakamweka mgonjwa wa akili mahali pa mgeni. Anayekubali kufanya naye kazi lakini hakubali kumwoza binti yake, amekwishajionyesha alipo.

Ila hiyo ni aibu anayobebeshwa mgonjwa. Aibu ya kwenda kuomba msaada ni nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayotesa watu wengi zaidi. Mtu hajawahi kuitwa kichaa, ila hapati usingizi, chakula hakipiti, kazi haziendi, na bado hataki kuonekana kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, kwa kuwa anayeuza chai pale getini ni shangazi wa rafiki yake. Mwaka 1970 watafiti Fischer na Turner walitunga kauli 29 za kupima msimamo wa mtu kuhusu msaada wa kisaikolojia, na sehemu moja ya kauli hizo ilihusu uwezo wa kuistahimili aibu hiyo. Mwaka 2006 Vogel, Wade na Haake, kwa majibu ya wanafunzi wa vyuo Marekani, wakatoa kipimo kifupi cha kauli 10. Kila kauli hujibiwa kwa alama 1 hadi 5, hivyo jumla huwa kati ya 10 na 50. Mtu huulizwa kama angejiona dhaifu, au mwenye akili pungufu, endapo angekwenda kwa mtaalamu. Maneno ya majirani hayamo humo. Kinachopimwa ni hukumu ambayo mtu anajipa mwenyewe.

Sasa ichukue karatasi hiyo uilete Tanga.

Nusu ya kauli hizo zimegeuzwa makusudi, ili kumnasa anayeweka tiki kwenye "nakubali" kuanzia juu mpaka chini. Mojawapo inasema, kwa maneno yangu, kwamba kujiamini kwangu hakutapungua nikitafuta msaada wa mtaalamu. Hapo pana mtego, kwa kuwa kauli yenyewe ni ya kukanusha. Muulize mtu "Huendi sokoni leo?" naye kweli haendi. Mmoja atakujibu "ndiyo, siendi", mwingine "hapana, siendi", na wote wawili wamesema jambo lile lile. Mhojaji anayeandika ndiyo na hapana peke yake, bila neno linalofuata, atakuwa na alama mbili zinazopingana kutoka kwa watu wenye mawazo sawa. Tafsiri inaweza kuwa safi kabisa, hata ikipita kwenye utaratibu ambao mtafiti Richard Brislin aliueleza mwaka 1970, wa kuirudisha kwenye lugha ya mwanzo ili kuona kama imepotoka, na bado tatizo hili likabaki palepale. Dawa yake ni ya kuchosha: kumwomba mtu aeleze kwa maneno yake alichoelewa, kauli moja baada ya nyingine.

Halafu kuna adabu. Mwanafunzi wa chuo anabisha hodi na karatasi zake, anaamkia vizuri, anakaribishwa ukumbini, "karibu mwanangu". Mama mwenye nyumba atampa jibu la kumfurahisha. Isitoshe mama mkwe yuko palepale anachambua mchele! Crowne na Marlowe walikwishatunga mwaka 1960 kipimo cha tabia hii ya kujibu ili uonekane mwema, kwa hiyo si ugonjwa wa Waswahili. Kinachosaidia ni kuuliza kwa kisa cha mtu mwingine: yupo mwanamke, tangu ajifungue analia tu, mumewe anataka kumpeleka hospitali, je, watu watasemaje? Pwani tunajua sana kusema yetu kupitia kwa fulani.

Mbona tusihesabu tu wanaokwenda hospitali? Kwa sababu idadi hiyo inachanganya mambo. Mkoa huu una hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, milimani wilayani Korogwe, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1904 katika kituo ambacho wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekifungua kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Asiyefika huko huenda anaona aibu, huenda hana nauli, na huenda hajui kwamba alicho nacho kinatibika. Daftari la mapokezi haliwatenganishi watu hao.

Na kuna milango mingine. Mtu yule yule anayekimbia benchi la kliniki huenda wiki iliyopita alikuwa kwa sheikh akisomewa na kunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, au alikwenda kwa mganga huko Muheza, na nyumba nzima inajua. Pepo huja kutoka nje. Jini likimpanda mtu si kosa lake, wala ukoo hautiwi doa kama unavyotiwa na wazimu. Ukimpa kauli 10 zinazomtaja mtaalamu wa kisaikolojia peke yake, atapata alama za juu za aibu, nawe utaandika kwamba watu wa Tanga hawatafuti msaada. Wanautafuta sana. Karatasi haikuwauliza kuhusu mlango wanaoutumia, wala haikuuliza kuhusu aibu ya ukoo, ambayo kwa wengi inatangulia aibu ya nafsi.

Kulinganisha nchi na nchi ndiko kugumu kuliko yote. Mizani ya muuza samaki ikianzia robo kilo kabla samaki hajawekwa, itakuambia vizuri kwamba changu huyu ni mzito kuliko yule, ila huwezi kulinganisha uzito wake na wa mizani ya jirani. Watakwimu huikagua hali hiyo kabla ya kulinganisha wastani. Vogel na wenzake walifanya ukaguzi huo mwaka 2013 kwa Uingereza, Ugiriki, Israeli, Taiwan, Uturuki na Marekani. Walikuta kauli zile 10 zinashikamana kama jambo moja kote, kiasi cha kuweza kuchunguza jinsi aibu inavyohusiana na mambo mengine katika kila nchi. Afrika haikuwamo katika orodha hiyo. Anayetaka kuitumia karatasi ile hapa Tanga itambidi aanze na mazungumzo ya barazani, na aandike kauli za sheikh, za mganga na za hospitali kila moja mbali, kabla ya kujumlisha alama yoyote.