Goti Bandia Halina Kasoro, Mbona Bado Linauma?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba goti lililobadilishwa likiendelea kuuma, basi kiungo bandia kimewekwa vibaya na hakuna budi goti lifunguliwe upya. Ukweli ni kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hubaki na maumivu ya muda mrefu baada ya upasuaji huu, na kwa baadhi yao kiungo chenyewe kiko sawa: kinachouma ni neva (mishipa ya fahamu) ndogo za ngozi na za utando wa goti. Mkato wa kawaida hushuka mbele ya goti, na hapo hukutana na tawi la neva ya safena, neva ya hisia ya upande wa ndani wa mguu, linalovuka chini ya pia ya goti kutoka upande wa ndani kwenda wa nje. Mara nyingi tawi hilo hukatwa, maana kulikwepa ni vigumu. Ncha iliyokatwa hujaribu kuota tena, na ikinaswa katika kovu hufanya kivimbe kiitwacho nuroma, ambacho huwaka au hupiga kama shoti ya umeme hata shuka likigusa tu.

Wengine huona ganzi kando ya kovu kuwa ushahidi wa uzembe. Hasa upande wa nje, ganzi hiyo ni ya kutarajiwa, na eneo lake aghalabu hupungua kadiri miezi inavyopita.

Dhana inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba eksirei ikiwa safi, maumivu ni ya kuwaziwa. Eksirei haionyeshi neva. Daktari akishahakikisha kwamba hakuna maambukizi, na kwamba kiungo hakijalegea wala goti haliyumbi, humwomba mgonjwa aoneshe kwa kidole panapouma, hupagonga polepole, kisha hudunga dawa ya ganzi penye neva inayoshukiwa. (Kiswahili kina mtego hapa: ganzi ni dalili, na ganzi ni dawa.) Maumivu yakitoweka kwa saa chache, chanzo kimejulikana, yasipobadilika, kuikata neva hiyo hakutasaidia kitu.

Hofu ya kwamba kukata neva kutalemaza mguu nayo haina msingi, kwa kuwa neva zinazolengwa ni za hisia tu. Katika upasuaji huo wa neva, ulioelezwa miaka ya 1990 na daktari mpasuaji A. Lee Dellon na wenzake wa Baltimore, Marekani, nuroma huondolewa na ncha ya neva kuzikwa ndani ya msuli, mbali na kovu, bila kugusa kiungo bandia. Anachopoteza mgonjwa ni hisia katika kipande cha ngozi. Kwa kawaida husubiriwa angalau miezi 6, huku dawa za kutuliza maumivu ya neva kama gabapentini au amitriptilini zikijaribiwa kwanza.

Neva ya peronea, inayozunguka upande wa nje chini kidogo ya goti, ni habari nyingine: hiyo huendesha misuli, na ikiumia wayo huning'inia. Hiyo haikatwi, ikiwa imebanwa, hufunguliwa nafasi.