Lenzi haichongi pua

Wapiga picha wa harusi wamerithishana usemi kwamba picha za watu ni lenzi ya milimita 85 tu, eti lenzi pana, yaani ya milimita chache inayonasa eneo kubwa, hurefusha pua. Kinachorefusha pua ni umbali. Ukimsogelea mtu hadi nusu mita, pua inakuwa karibu nawe mno kuliko masikio, uwe na lenzi yoyote ile. Simama mita 6, piga kwa 35 kisha kwa 85 bila kusogea, halafu ikate ile ya kwanza ilingane na ya pili: sura ni ileile.

Sasa chukua ukoo uliojipanga bustanini, upana wa mita 6. Kwa kamera ambayo sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 36, lenzi ya 85 itakurudisha nyuma zaidi ya mita 14, pengine hadi barabarani, unapiga kelele ili babu asikie. Ya 50 inataka mita 8 na ushee. Ya 35, karibu 6.

Kasoro halisi ya lenzi pana iko pembeni. Kwa 24, kichwa cha aliye ukingoni kabisa hupanuka takribani robo, na shangazi hatakusamehe. Acha nafasi tupu kushoto na kulia.