Jicho Moja la Buluu Halimfanyi Mbwa Kuwa Chotara

Mteja mmoja aliniletea mtoto wa Husky wa miezi minne, jicho moja buluu na jingine kahawia, akaomba nimwandikie barua ya kuthibitisha kwamba ameuziwa chotara ili arudishiwe fedha zake. Sikuiandika. Dhana hii nimeisikia mara nyingi mno, na chimbuko lake ni somo la shuleni kuhusu macho ya binadamu, kwamba buluu huhitaji nakala kutoka kwa wazazi wote wawili, ambalo watu hulihamishia kwa mbwa bila kuuliza. Mwaka 2018, watafiti waliochunguza vinasaba vya mbwa zaidi ya 6,000 walibaini kwamba buluu ya macho ya Siberian Husky inahusiana na kipande cha kromosomu ya 18, jirani na jeni ya ALX4, kilichojirudia. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja yaweza kutosha, ingawa wapo wanaoirithi wakabaki na macho ya kahawia, na wapo wanaopata jicho moja tu la buluu. Kwa hiyo jicho lile halikuwa ushahidi wa uchotara.

Mteja akauliza kama jicho hilo linaona. Nilimulika tochi: mboni zote mbili zikasinyaa sawasawa, la kahawia likarudisha mng'ao wa kijani na la buluu mwekundu, jambo la kawaida kwa jicho lenye melanini (rangi ya asili ya mwili) kidogo. Sikuona dalili ya upofu.

Wengine huchagua mtoto wa wiki tatu kwa sababu ya macho yake ya buluu, ilhali karibu watoto wote hufumbua macho yenye ubuluu, na melanini huja baadaye. Subirini.

Wapo pia wanaopandisha mbwa wawili wa mabaka ya aina iitwayo merle, kama Australian Shepherd wenye mabaka hayo, wakitafuta buluu zaidi. Hapo nakataza kabisa: takriban robo ya watoto hurithi nakala mbili za badiliko la jeni ya PMEL linaloleta mabaka hayo, na hao huwa katika hatari kubwa ya kuwa viziwi, vipofu, au vyote viwili.

Mbwa mzima aliyekuwa na macho ya kahawia akianza kuwa na jicho la buluu-maziwa, msitafute babu yake. Huo si urithi; yaweza kuwa presha ya jicho, kidonda, au homa ya ini ya virusi. Mleteni siku hiyohiyo, na msimtilie matone yaliyobaki nyumbani, kwa kuwa yenye steroidi huweza kuchimba kidonda hadi jicho likatoboka.